Akiomba Msamaha, Je, Tumrudishie Ufunguo?

Tunapotembelea vikundi tunaulizwa mara nyingi: mtu akila pesa zetu, kisha aombe msamaha, tumfanyeje? Leo tuliangalie jambo hili polepole.

Katika kikundi kimoja cha akina mama, mweka hazina alilipa karo ya mtoto wake kwa shilingi 14,000 za kikundi. Alidhani atazirudisha kabla ya siku ya kugawa. Wapi! Aliyeumia zaidi ni jirani yake, ambaye ndiye aliyempendekeza achaguliwe, na zamu ya kupokea ilikuwa yake. Wakaacha kuombana chumvi. Watoto wakakatazwa kucheza ng'ambo ya ua.

Sisi tulifika na haraka zetu. Tukawakalisha, mkosaji akalia, wakapeana mikono, tukafunga kwa sala na kwenda nyumbani tumeridhika. Baada ya majuma mawili yule jirani akaacha kuja mkutanoni. Tulipomwendea alituambia, "Mimi nimemsamehe. Lakini nyinyi mnataka nimwamini leo leo, na usiku bado silali." Alisema kweli. Kosa lilikuwa letu.

Kusamehe kunaweza kuwa kwa siku moja. Kuamini sivyo. Ng'ombe aliyepigwa wakati wa kukamuliwa hatulii eti kwa sababu umemwambia pole.

Basi tukaanza upya. Mweka hazina alieleza yote mbele ya wenzake bila kujificha nyuma ya karo. Akawa analipa shilingi 500 kila juma, na jirani ndiye aliyeandika kitabuni. Mara mbili hakuwa nazo, akaja kusema mwenyewe kabla hajaulizwa. Kwa maoni yetu, siku hizo mbili zilijenga zaidi kuliko zile alizolipa.

Kikundi nacho kilinunua sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Njia hii imetumiwa na vikundi vya wanawake kwa msaada wa shirika la CARE. Haimtuhumu mtu, humlinda hata aliye mwaminifu. Pesa zikitumwa kwa simu, ujumbe usomwe mkutanoni.

Mama yule hajarudishiwa ufunguo, wala hauombi. Lakini chumvi wanaombana.

Ya kujadili: Kwetu, aliyeumizwa hupewa nafasi ya kusema, au huambiwa anyamaze kwa ajili ya umoja? Na kitabu chetu kinakaa kwa nani?