Mzee Kassim na Rasimu Zake: Mafunzo Niliyopata

Shuleni wengi wetu tulizoea kwamba kuandika upya ni kunakili. Unaandika insha kwa penseli, mwalimu anazungushia makosa ya tahajia, kisha unaihamisha kwa wino na mwandiko mzuri. Insha ni ile ile, imeoga tu. Riwaya haiendi hivyo. Yangu inahusu familia moja ya Ngamiani, Tanga, mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kulangua au kuficha bidhaa. Aliyesoma rasimu ya kwanza akipewa ya sasa ataapa kwamba ni kitabu kingine. Haya ndiyo niliyojifunza njiani.

1. Sifa za mhusika hazitoshi kumfanya mtu

Mzee Kassim, mwenye duka, alizaliwa akiwa mlanguzi wa kwenye katuni: kitambi, pete mbili, roho mbaya. Niliandika kwamba ni mchoyo, na sura iliyofuata nikaandika tena kwa maneno makali zaidi. Binamu yangu alisoma, akaniuliza, "Sasa huyu mchoyo anafanya nini?"

Katika rasimu ya pili nikamsimamisha nyuma ya kaunta na kumpa kazi. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu kama dhahabu. Kassim anautandaza mche wa sabuni juu ya gazeti, anaupitishia uzi, anaukata vipande vyembamba. Chembe zinazodondoka anazikokota kwa ukingo wa kiganja na kuzitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Usiku anazilowesha, anazifinyanga donge, na donge hilo ndilo analoogea yeye. Vipande vyenye pembe ni vya wateja.

Neno "mchoyo" nililifuta kila lilipokuwa. Na nilipomwona akilifinyanga lile donge ndipo nilipoanza kujiuliza amejifunzia wapi tabia hiyo. Jibu likaja na maisha mazima ambayo sikuwa nimeyapanga: ujana wake katika mashamba ya mkonge, ambako alikuwa kibarua, na deni alilolipa miaka mingi baada ya aliyemdai kufariki.

2. Ukimgusa mmoja, wote wanasogea

Bi Mwanahawa, mkewe, kazi yake ilikuwa kuleta chai. Lakini kama mume anaogea chembe, mke anaogea nini? Anajua nini kuhusu maboksi ya sabuni yaliyofichwa chini ya kitanda? Maswali hayo yaliibomoa nusu ya pili ya kitabu.

Msako ulipoanza Machi 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, wapo watu waliotupa bidhaa zao usiku, baharini, vichakani, popote, kwa hofu ya kukutwa nazo. Katika rasimu ya kwanza jambo hilo lilikuwa pambo la historia, aya moja ya kuonyesha kwamba mwandishi amefanya utafiti. Mgambo walifika, sabuni ikakutwa, Kassim akachukuliwa, zikafuata sura ndefu za mahakamani. Sasa Bi Mwanahawa ndiye anayeibeba sabuni usiku na kuitumbukiza chooni, boksi kwa boksi, bila kumwambia mumewe. Mgambo wanapekua, hawakuti kitu. Kassim ameponea chupuchupu kwenda gerezani, ila mtaji wake wote uko shimoni. Hawezi kumshukuru mkewe na hawezi kumlaumu.

Sura za mahakamani zikafa zote. Nilichokuwa nakiita riwaya ya siasa kikawa kitabu cha ndoa, na naamini kinaisema siasa ya mwaka ule vizuri zaidi kuliko hotuba nilizokuwa nimewapa mawakili.

3. Anayesimulia huamua mtakachokiona

Mwanzoni msimulizi alikuwa binti yao, Zuhura, mwenye umri wa miaka tisa. Alikuwa mcheshi, na bado nausikitikia ucheshi wake. Tatizo ni kwamba usiku wa maboksi mtoto huyo alipaswa kuwa amelala. Nilijaribu kumwamsha kwa kiu, kwa mbu, kwa ndoto mbaya. Kila njia ilinuka hila.

Mwandishi Mrusi Dostoevsky alikwama katika jambo la namna hii. Aliianza Uhalifu na Adhabu kama ungamo la muuaji mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Mwishoni mwa 1865 akaiacha kazi hiyo na kuanza upya kwa nafsi ya tatu, na mwaka 1866 riwaya ikatoka kwa mfululizo jaridani. Jambo hilo lilinipa moyo wa kumvua Zuhura usimulizi. Nikamwachia masikio: mengi yanayosemwa ndani ya nyumba, yeye ndiye anayeyasikia.

4. Mazungumzo yasomwe kwa sauti

"Mume wangu mpenzi, unawaza nini?" Hiyo ilikuwa sentensi ya Bi Mwanahawa, nami niliiona nzuri mpaka nilipoitamka jikoni. Mwanamke wa rika lake, Ngamiani, angesema, "Baba Zuhura, mbona kimya?" Akikasirika hamwiti kabisa: "Zuhura, mwambie baba yako chai imepoa." Na baba yuko hapo hapo, ameketi mkekani. Sentensi hiyo ilichukua nafasi ya ukurasa mzima wa ugomvi.

5. Unachokikata hakipotei chote

Nilikuwa na sura ya vita vya Kagera, ya mdogo wake Kassim aliyerudi kutoka Uganda mwaka 1979. Niliipenda kuliko zote, lakini haikuwa na kazi. Imebaki koti la kijeshi kwenye msumari ukutani, na wageni wanaokaa mbali nalo. (Rasimu za zamani zitunze. Kwenye kompyuta yangu kuna faili linaitwa "mwisho", lingine "mwisho kabisa", na mengine ambayo majina yake siyataji.)

6. Tafuta msomaji anayejua kuuliza

Mwaka 1957 mswada wa Harper Lee, Go Set a Watchman, ulimfikia mhariri Tay Hohoff huko Marekani. Mhusika mkuu alikuwa mwanamke mtu mzima anayerudi kumtembelea baba yake Kusini. Hohoff aliona nguvu ya kitabu iko katika kumbukumbu za utoto wake, akamsukuma mwandishi aelekee huko. Lee akaandika upya kwa muda mrefu, na mwaka 1960 ikatoka To Kill a Mockingbird. Mswada wa awali ulipochapishwa mwaka 2015, wasomaji wengi walishtuka: Atticus, baba wa mhusika huyo na wakili waliyempenda kwa kumtetea mtu mweusi mahakamani, humo anahudhuria mkutano wa watetezi wa ubaguzi. Jina ni lile lile na mji ni ule ule, lakini kati ya rasimu hizo mbili alizaliwa mtu mwingine.

Hohoff hakufika hapo kwa kusahihisha herufi kubwa na koma. Aliuliza hadithi iko wapi, akavumilia mpaka jibu likapatikana.

Mhariri wa namna hiyo ni adimu kwetu. Uchapishaji wetu kwa kiasi kikubwa unaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ikifika mezani mara nyingi husomwa kwa kalamu ya kutafuta makosa ya sarufi. Binamu yangu anafanya kazi benki, na swali lake moja lilinisaidia kuliko alama zote nyekundu nilizowahi kurudishiwa. Wachapishaji, waajirini watu wa kuuliza maswali ya aina hiyo, na muwalipe. Tahajia tutazisahihisha wenyewe.