Mgongo wa Mchuma Chai: Mafunzo Niliyopata kwa Wakandaji na Wenye Sindano

Nimechuma chai tangu ujana, kwanza katika shamba la kampuni upande wa Kericho, kisha katika shamba langu mwenyewe huku Konoin, Bomet. Mchuma chai haulizwi kama mgongo unamuuma. Huulizwa unamuuma wapi. Nimekandwa na mama wa kijijini, nimekandwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na nimechomwa sindano za Kichina jijini Nairobi. Wewe unayetaka kuongeza kilo, kusomesha watoto na kufika uzeeni ukitembea wima, haya ni ya kwako.

1. Eleza kazi yako kabla ya kuvua shati

Siku ya kwanza kwa yule mtaalamu wa fiziotherapia nilivua shati upesi nikajilaza kifudifudi. Akaniambia, "Mzee, amka kwanza. Nionyeshe unavyochuma." Nikasimama katikati ya chumba nikichuma hewa na kurusha majani yasiyokuwepo ndani ya kikapu kisichokuwepo, huku wauguzi wakipita mlangoni wakijizuia kucheka.

Alichokiona hakikuwa kwenye picha ya eksirei. Niliinama kiunoni bila kukunja magoti, na kila niliporusha majani nyuma nilipinda mgongo upande uleule. Mchuma chai hurudia jambo hilo kutwa nzima, na mzigo mgongoni huongezeka hadi majani yapelekwe kupimwa.

Kwa hiyo tarajia maswali mengi kabla ya kuguswa, na uyajibu yote. Taja dawa unazomeza, hasa zile za kuzuia damu kuganda. Taja mimba, kisukari, au mfupa uliowahi kuvunjika. Mkandaji asiyeuliza lolote anakanda mwili asioujua.

2. Machozi si kipimo cha tiba

Kwetu kuna kina mama wazee wenye vidole hodari. Yule niliyemwendea alianza taratibu, kwa mafuta yaliyopashwa moto. Mimi ndiye niliyeharibu. "Mama, kaza," nikamwambia. "Kaza tena." Nilikuwa nimelipa, na niliamini kwamba tiba isiyoniliza ni pesa iliyopotea. Kesho yake nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Mke wangu akanifungia bila kusema neno, na hilo lilinichoma kuliko maneno.

Misuli inayoumizwa hujikaza ili kujilinda, basi ukiibana kwa nguvu kupita kiasi unapigana nayo. Siku hizi nikiulizwa maumivu yangu ni mangapi kati ya 0 na 10, nasema ukweli, na yakipanda nasema apunguze. Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili baada ya kukandwa ni kawaida. Maumivu yanayoteremka mguuni kama moto, au ganzi, si ya kawaida; hapo mwambie aache papo hapo.

Jua pia kwamba huna haja ya kuvua nguo zote. Unavua zile zinazofunika mahali panapotibiwa, na sehemu nyingine za mwili hufunikwa kwa shuka. Ukiona vingine, vaa uondoke.

3. Sindano isiyo na dawa ndani

Binti yangu anayeishi Nairobi ndiye aliyenipeleka kwenye akyupancha. Sindano niliyoijua mimi ni ile ya penisilini ya zamani, kwa hiyo niliingia nimekaza matako kabla hata ya kuulizwa jina. Nikaonyeshwa kijiti chembamba cha chuma, hakina tundu wala dawa, na unene wake haukufika nusu milimita. Sindano nyingine zilichomwa kiunoni, lakini nyingine zikaenda nyuma ya goti na karibu na kifundo cha mguu. Nilipouliza kama mganga amepotea njia, akacheka akaendelea.

Nilitegemea kuchomwa, nilichohisi ni uzito na mvuto wa ndani ndani. Kisha nikaachwa nimelala na sindano zangu. Kwa kawaida huachwa kati ya dakika 10 na 30. Binti yangu anasema nilikoroma.

Je, zinafaa? Kwa maumivu ya mgongo, wengi hupata nafuu kiasi. Lakini tafiti zilizolinganisha sindano za kweli na za kuigiza mara nyingi zimekuta tofauti ndogo. Nenda basi ukitarajia unafuu, usitarajie muujiza. Kula kidogo kabla ya kwenda, maana wengine hupata kizunguzungu. Tone la damu au alama ndogo ya wekundu isikutishe. Dai sindano mpya zinazofunguliwa mbele ya macho yako. Na kama umechomwa kifuani au mabegani, kisha pumzi ikakubana, kimbia hospitali: ni nadra, lakini sindano inaweza kutoboa pafu.

4. Nafuu si bonasi ya kutumia siku moja

Niliporudi kutoka Nairobi mgongo ulikuwa mwepesi ajabu. Kesho yake nikabeba gunia zima hadi kituo cha kununulia majani, nikapita njia ndefu ili majirani wanione. Jioni nilikuwa kitandani tena. Niliitumia nafuu yangu kama kijana anavyoitumia bonasi ya chai: yote kwa mkupuo, na mbele ya watu.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watu wazima wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yale yanayozidi miezi 3. Kukandwa na sindano vimo katika mambo yanayoweza kusaidia, lakini vimewekwa pamoja na mazoezi na elimu ya kujitunza, si peke yavyo. Kilichonishangaza ni yale yaliyokataliwa kwa matumizi ya kawaida, na mojawapo ni mshipi wa kiunoni. Mimi nilikuwa na wangu, nimeununua mjini Kericho kwa bei ya kuumiza, nikiuvaa hadi kanisani.

Siku ambazo mgongo umelegea ndizo siku za kuujenga. Tembea. Fanya mazoezi uliyoonyeshwa, hata kama watoto wanakucheka uani. Peleka nusu mzigo mara mbili badala ya mzigo mzima mara moja. Kunja magoti unapochuma matawi ya chini, na ugeuze mwili mzima badala ya kupinda kiuno.

5. Kuna mgongo usiopaswa kukandwa

Jirani yangu alikandwa kwa muda mrefu kwa sababu ya maumivu yaliyomwamsha usiku. Alikuwa amekonda na kutokwa na jasho usiku. Sote tukasema ni kazi ya chai. Alipofikishwa hospitalini ikaonekana ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Hakuwa amekohoa hata kidogo. Dawa zilimponya, lakini mgongo wake ulibaki umepinda.

Kabla ya kutafuta mkandaji, jichunguze. Homa, kukonda bila sababu, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka: nenda hospitali. Ganzi kati ya mapaja, mkojo au choo usioweza kuuzuia, au mguu unaopoteza nguvu: nenda leo hii, usisubiri gari la kesho. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, lisikandwe kamwe. Huenda damu imeganda ndani na ikasukumwa hadi kwenye mapafu.

6. Uliza cheti, bei na mwisho

Neno "masaji" kwenye bango la mjini linaweza kuficha biashara nyingine kabisa. Niliwahi kupanda ngazi za jengo moja nikishika kiuno, nikashuka mbio kuliko nilivyopanda. Mtaalamu wa fiziotherapia nchini Kenya husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya 2014, basi kuomba cheti chake si utovu wa adabu. Uliza pia bei ya kila kikao, na mtajuaje kama tiba inafanya kazi. Ukiona vikao vinaongezwa na wewe bado huwezi kuinua debe la maji, rudi kwa daktari.

7. Maumivu ya kazini yaandikwe

Nilipokuwa mtu wa kampuni sikuwahi kumwambia mnyapara kwamba mgongo unaniuma. Niliogopa kupewa kazi nyepesi yenye mshahara mwepesi. Nikajikanda kimya kimya, na leo sina karatasi hata moja inayoonyesha maumivu haya yalianzia wapi.

Wenzetu waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya chai ya James Finlay (Kenya) walifikisha dai la kuumia mgongo hadi Mahakama ya Session mjini Edinburgh, Scotland, ambako mwaka 2022 waliruhusiwa kushtaki kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 majaji wa ngazi ya juu waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya, yaani ule wa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Lolote utakaloliamini kuhusu kesi hiyo, fundisho lake kwa mchuma chai ni moja: utaratibu huo unaanza na taarifa kwa mwajiri na ripoti ya daktari. Mafuta ya kukandia hayaachi ushahidi.

Kwa hiyo kama mgongo unakuuma wiki hii, mwambie mwajiri, nenda kituo cha afya, eleza kazi unayofanya, na usitoke bila karatasi. Kama shamba ni lako, basi mnyapara ni wewe: jipunguzie mzigo. Kukandwa na sindano vifuate baadaye, na vikikupa nafuu, itumie kujenga mgongo utakaokubeba miaka mingi ijayo.