Kadi Mbili za Picha katika Kompyuta Moja: Somo la Kutafuta Kosa kwa Utaratibu

UTANGULIZI

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanachuo alipangiwa shule ya msingi huko Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, pande za mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Shule ilikuwa na kompyuta mpakato moja iliyotumia mfumo endeshi huria wa Ubuntu, pamoja na projekta ya kuazima. Mwanachuo aliandaa somo zuri la Sayansi juu ya mzunguko wa maji, lenye picha zinazotembea. Siku ya ukaguzi ilipofika, picha ilionekana vema katika kioo cha kompyuta, lakini ukutani hapakuwa na kitu ila giza. Wanafunzi wa Darasa la Tano, waliobanana hata madirishani, walisubiri dakika ishirini. Sisi tuliokaa nyuma na karatasi za ukaguzi tulisubiri pamoja nao.

Hatukisimulii kisa hiki ili kumcheka mwenzetu. Kompyuta haikuwa mbovu, wala projekta, wala waya. Kompyuta ile ilikuwa na kadi mbili za picha, na moja ilikuwa imezimwa zamani na mtu aliyetaka kuokoa betri. Lakini katika zile dakika ishirini mwanachuo alibadili mambo matano kwa mkupuo: alihamisha waya, akabadili ukubwa wa picha, akafuta programu moja, akaweka nyingine, kisha akazima na kuwasha. Tulipokwenda kumsaidia, hakuna aliyeweza kusema hali ya mwanzo ilikuwaje. Hapo ndipo lilipo somo letu.

MADHUMUNI

Baada ya kusoma makala haya, mwalimu mwanachuo aweze: (a) kueleza kwa nini kompyuta moja huwekewa kadi mbili za picha, (b) kutambua ni ipi inayofanya kazi, (c) kubadilisha matumizi yake bila kuharibu mfumo, na (d) kuutumia utaratibu huohuo wa kutafuta kosa katika kufundisha watoto.

BAISKELI NA LORI

Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayochora yale tunayoyaona katika kioo. Kompyuta nyingi zina moja tu, iliyojengwa ndani ya kichakato chenyewe. Hiyo haili umeme mwingi, nayo yatosha kwa kuandika barua, kuonyesha picha na kucheza filamu. Baadhi zina ya pili, yenye nguvu, kwa kazi nzito kama uchoraji wa ramani za miamba au michezo. Hiyo hula umeme mwingi na kutoa joto jingi.

Tumfikirie mkulima wa pamba mwenye baiskeli na lori. Debe moja la mahindi la kupeleka mashineni hulibeba kwa baiskeli. Akilitolea lori atakuwa amechoma mafuta bure. Marobota ya pamba ya kupeleka kiwandani hawezi kuyapakia kwenye baiskeli. Mkulima mwenye busara huliacha lori limezimwa mpaka siku ya kazi yake. Ndivyo inavyotakiwa kompyuta yetu iwe, hasa mahali ambapo umeme hukatika au hutoka katika sola.

Lipo jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Katika kompyuta nyingi za namna hii, kioo kimeunganishwa na kadi ndogo. Kadi kubwa ikichora, picha hunakiliwa kwanza kwa kadi ndogo, ndipo ionekane. Lakini tundu la projekta mara nyingine limeunganishwa na kadi kubwa. Ni sawa na nyumba yenye milango miwili, ule wa mbele umefungwa kwa ufunguo wa baiskeli na ule wa nyuma kwa ufunguo wa lori. Ukizima lori na kuficha ufunguo wake, mlango wa nyuma haufunguki kamwe, hata ukiubadilishia waya mara kumi. Hiki ndicho kilichotokea Bugarama.

HISTORIA KWA UFUPI

Kampuni ya NVIDIA ilitangaza utaratibu wake wa Optimus mwaka 2010, ukikusudiwa kwanza kwa mfumo wa Windows. Watumiaji wa Linux, ambao ni mfumo huria unaoibeba Ubuntu, waliachwa nyuma. Mwaka huohuo David Airlie aliingiza katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.34, njia ya kuzima kadi moja na kuwasha nyingine. Mwaka 2011 wafanyakazi wa kujitolea walitoa programu iliyoitwa Bumblebee. Mwezi wa Juni 2012, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, naye akaikaripia kampuni hiyo hadharani kwa maneno makali. Msaada wa kampuni yenyewe ulianza kuonekana mwaka 2013. Mwaka 2019, kwa toleo la 435 la kiendeshi chake, ikawezekana kuipa kadi kubwa kazi moja tu huku ndogo ikiendelea na nyingine. Mwaka 2022 kampuni ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya kiendeshi inayokaa ndani ya kiini.

Tumeitaja historia hii kwa sababu moja. Mwanachuo atakayetafuta msaada atakutana na maelekezo ya mwaka 2011 yakiwa pamoja na ya 2022, na akiyachanganya ataharibu. Kabla ya kufuata agizo lolote, auulize mwaka wake.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua hizi ni za Ubuntu na jamaa zake. Fungua terminali, uandike kila agizo kama lilivyo.

Hatua ya 1: Tazama. Tuhesabu kadi zilizopo kwa agizo hili:

lspci | grep -E "VGA|3D"

Yakitokea majina mawili, kwa mfano Intel na NVIDIA, kompyuta ina kadi mbili. Likitokea moja, makala haya hayahusiki na tatizo lako, tafuta kwingine.

Hatua ya 2: Uliza hali ya sasa. Ikiwa kiendeshi cha NVIDIA kimekwisha wekwa, andika:

prime-select query

Jibu huwa moja kati ya matatu: intel, maana yake kadi kubwa imezimwa, nvidia, maana yake kadi kubwa hufanya kila kazi, on-demand, maana yake kadi ndogo hufanya kazi na kubwa huitwa inapohitajika. Andika jibu hilo katika daftari, pamoja na tarehe, kabla ya kugusa kitu.

Hatua ya 3: Weka kiendeshi kama hakipo. Agizo la kwanza huonyesha kinachofaa, la pili hukiweka:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Kazi hii huhitaji intaneti na kifurushi kikubwa. Yafaa ifanyike mjini Kahama kabla ya safari, si asubuhi ya kipindi. Tena, kompyuta yenye kinga ya Secure Boot itakuomba neno la siri, na ikiwaka upya italeta ukurasa wa kuthibitisha ufunguo. Chagua Enroll MOK, uandike neno lile. Wengi huupita ukurasa huo kwa haraka, kisha hushangaa kwa nini kiendeshi hakifanyi kazi.

Hatua ya 4: Badili jambo moja. Kwa darasa letu la Bugarama dawa ilikuwa hii tu:

sudo prime-select on-demand

Kisha kuzima na kuwasha upya. Projekta ikapata picha.

Hatua ya 5: Thibitisha. Kwa kutumia programu ya glxinfo, iliyo katika fungu la mesa-utils, uliza nani anachora:

glxinfo -B
__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B

Agizo la kwanza litaje kadi ndogo, la pili kadi kubwa. Mistari ya chini mwanzoni mwa kila neno ni miwili. Kwa kompyuta ambazo kadi kubwa ni ya AMD, kiendeshi kimo tayari ndani ya kiini cha Linux; hutangulizwa DRI_PRIME=1 badala ya maneno hayo marefu.

NJIA YA KURUDI

Hapana budi kujua njia ya kurudi kabla ya kuanza safari. Kioo kikiwa giza baada ya kuwasha, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja; ukipata ukurasa wa maandishi, ingia kwa jina lako, rudisha hali uliyoiandika daftarini, kisha uwashe upya. Asiye na daftari hana pa kurudi.

KUTOKA KOMPYUTA HADI DARASANI

Mtoto wa shule ya msingi hahitaji kujua maagizo haya. Anahitaji tabia iliyo nyuma yake: kutazama, kuuliza hali ilivyo, kubadili jambo moja, kuandika, kujaribu, na kurudi nyuma inapobidi. Tabia hiyo yaweza kufundishwa kwa betri mbili za tochi, balbu mbili, nyaya na swichi. Mwalimu aunganishe njia mbili za umeme, kisha alegeze balbu moja kwa siri. Makundi yatafute kosa, kwa sharti kwamba kila kundi libadili kitu kimoja tu na kuandika matokeo kabla ya kugusa kingine. Kundi litakalopata jibu bila kuandika lisipewe sifa kamili, kwa kuwa haliwezi kuwaeleza wenzake lilifikaje.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Siku ile kompyuta ilipokataa, sufuria ya maji ya moto na mfuniko wa baridi vingalitosha kuonyesha mvuke ukigeuka matone. Vitu hivyo vilikuwapo jikoni kwa shule, hatua chache kutoka darasani. Mwanachuo alivikumbuka tulipokuwa tumekwisha ondoka. Tuliporudi baada ya wiki mbili tulimkuta na vyote viwili: projekta ikiwaka ukutani, na sufuria juu ya meza. Watoto walitazama picha, kisha wakaisogelea sufuria, na maswali yao yote yalihusu matone ya mfunikoni.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini kuiacha kadi kubwa ikiwaka daima ni hasara katika shule inayotumia sola?
2. Projekta haionyeshi picha. Taja mambo manne utakayoyachunguza, ukieleza kwa nini umeyapanga hivyo.
3. Chagua somo moja utakalolifundisha kwa kompyuta. Andaa kifaa cha pili, kisichotumia umeme, kitakachofikia lengo lilelile.