Tangawizi na maumivu ya baridi yabisi

Wagonjwa wengi wa viungo huuliza iwapo tangawizi yaweza kuwaondolea maumivu. Swali hilo si la kupuuzwa.

Jina baridi yabisi huwafanya watu kudhani kwamba ugonjwa huu huletwa na baridi. Sivyo. Katika aina tunayoizungumzia hapa, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba na kuuma, hasa vya vidole na vifundo vya mikono, kwa kawaida pande zote mbili. Asubuhi mgonjwa huamka mikono imekakamaa, na huenda ikapita saa nzima kabla ya kuweza kufunga vifungo vya shati. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Ule ukali wa tangawizi unaowasha ulimi hutokana na kemikali ziitwazo jinjeroli. Katika maabara, zimeonekana kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, ambazo huchangia uvimbe na maumivu. Aspirini nayo hupitia njia hiyo. Mwaka wa 1992 watafiti wawili nchini Denmark, Srivastava na Mustafa, walieleza habari za wagonjwa 56 waliotumia unga wa tangawizi, 28 kati yao wakiwa na baridi yabisi ya aina hii. Zaidi ya robo tatu ya wale wenye maradhi ya viungo walipata nafuu. Ni habari njema, lakini hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na maumivu ya ugonjwa huu hupanda na kushuka yenyewe.

Tena, kupungua kwa maumivu si kukoma kwa ugonjwa. Mfupa waweza kuanza kulika katika miaka miwili ya kwanza, hata mgonjwa akijiona ana nafuu, na kiungo kilichoharibika hivyo hakirudi kilivyokuwa. Dawa kama methotreksati, ambayo hutumiwa mara moja tu kwa juma, hupunguza kasi ya uharibifu huo. Tangawizi haijathibitishwa kufanya hivyo. Basi atakaye kuinywa na ainywe, mradi asiache dawa alizoandikiwa.

Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikipondwa na kuchemshwa kwa dakika kumi, chatosha vikombe viwili. Mwenye kiungulia apunguze. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza. Na ambaye vidole vyake vimevimba kwa majuma kadhaa bila kupimwa, aende kliniki akachunguzwe viungo na damu.