Unapojiuliza Unaishi kwa Ajili ya Nini

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Walikufa zaidi ya watu 200. Kwa watu wa vijiji kama Shumba, wilayani Micheweni, Pemba, bahari hiyo hiyo iliyoua ndiyo riziki na ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Vidokezo hivi ni vyako uliyepatwa na pigo, la msiba au la talaka, ukaona maisha hayana tena ladha, ukajiuliza unaishi kwa ajili ya nini.

1. Kujiuliza hivyo si wazimu. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alifiwa na mke na wazazi katika kambi za Wanazi. Alifundisha kwamba kutafuta maana ya maisha ni haja ya kila binadamu. Basi anayekwambia imani yako imepungua, msamehe, lakini usimsikilize.

2. Usingoje jibu chumbani. Tazama wanawake wa Micheweni bamvua likiingia: maji yakishatoka wanashuka, wanainama, wanafunga mwani kipande kwa kipande kwenye kamba iliyokazwa kwa vigingi, mpaka maji yarudi. Mjane aliyemaliza eda akishuka nao hajamsahau mumewe. Ana mtoto anayetaka daftari za skuli, na wenzake wanamwita kwa jina. Bei ya mwani ni ndogo mno, na hilo lazima lisemwe, lakini asubuhi ile ana pa kwenda na wa kumhangaikia. Maana huanzia hapo.

3. Jirani, rudi baada ya matanga. Siku tatu za mwanzo nyumba hujaa. Upweke huja jamvi likishakunjwa, na ndipo mfiwa anapohitaji mtu wa kukaa naye, hata bila maneno.

4. Mwanamume, “jikaze” haitibu. Umerudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, mikono mitupu na moyo mzito? Mwambie mwenzako wa chomboni.

5. Usiuze shamba la mikarafuu wala usitoe talaka katika wiki mbaya.

6. Kisomo ni chema, na daktari pia anahitajika. Usingizi na chakula vikikataa kwa wiki mbili, nenda hospitali. Fikra za kujiua zikikujia, usilale nazo: mwambie mtu leo hii, mwende pamoja. Na wewe unayeambiwa, tafadhali usimwache peke yake.