Mwanangu ananoa panga, na mahindi yameshaliwa

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Mvumi, wilaya ya Kilosa. Nina miaka 47. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita akaniachia watoto watatu. Nalima ekari tatu za mahindi na jaruba la mpunga. Shamba nimelipata kwa mama yangu, maana sisi ni Wakaguru na ukoo wetu unafuata upande wa mama.

Nilipokuwa mdogo, bibi alitusimulia usiku habari za kijiji ambacho watu wake walilima, wakavuna, wakala na kusaza, na milango haikufungwa. Mimi nilidhani anasimulia Mvumi. Kiangazi tukishavuna, ng'ombe wa Wamaasai waliingia kula mabua, wakatuachia samadi. Nina rafiki, mwanamke wa Kimaasai, ambaye kwa miaka 15 aliniletea maziwa asubuhi, nami nikampimia mahindi. Mafuriko ya 2014 yalipotukuta, ni yeye aliyewatumia wanangu maziwa.

Sasa hali siyo ile. Mwezi wa tano ng'ombe waliingia shambani usiku, mahindi yakiwa yameanza kukauka. Kilichobaki hakifiki nusu ekari, na ni mara ya pili katika miaka mitatu. Sijui ng'ombe ni wa nani. Rafiki yangu hapiti tena kwangu, nasikia anawaogopa vijana. Mwanangu mkubwa ana miaka 22. Amenunua panga jipya, kila jioni analinoa, na anasema mwano, yaani yowe la kuita wanaume, ukipigwa naye atatoka na wenzake. Tena kuna mtu wa mjini amenijia mara mbili akitaka kununua shamba kwa fedha taslimu. Anasema mambo ya karatasi nimwachie yeye.

Shangazi, niuze nihame? Nimwache kijana atoke na wanaume wenzake? Au ninyamaze kama nilivyonyamaza mara ile ya kwanza?

Mama wa Mvumi

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Asiyelima atadhani umepoteza mahindi tu. Mimi najua kwamba usiku ule mmoja umekuondolea ugali wa mwaka, sare za shule na mbegu ya msimu ujao.

Umeniuliza maswali matatu, na yote matatu nayajibu hapana. Usiuze, usimwache kijana atoke, na usinyamaze tena. Njia ninayokushauri ni ndefu kuliko hizo na itakuchosha, lakini ndiyo itakayokubakiza shambani kwako ukiwa na watoto wako wote. Tuanze na lile lisiloweza kungoja.

Panga. Zungumza na mwanao leo kabla ya jua kuzama, na usizungumze naye peke yako. Katika ukoo wenu mjomba ana sauti ambayo wengine hawana. Mwite kaka yako, au yeyote anayeshika nafasi hiyo, akae na kijana. Asianze kwa kumgombeza, kwa sababu mtoto aliyeona jasho la mama yake likitafunwa ana haki ya kukasirika. Amwambie hivyo kwanza, kisha amkumbushe Rudewa.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, humo humo Kilosa, watu 38 waliuawa. Mwanao alikuwa hajazaliwa, wewe ulikuwa msichana mkubwa, na naamini hujaisahau siku ile. Ugomvi wenyewe haukuanza siku hiyo. Ulianza kama huu wenu, kwa mashamba yaliyoliwa, ng'ombe waliokamatwa, na malalamiko ambayo kila upande uliona hayasikilizwi. Kila upande ulidhani unajilinda. Zaidi ya miaka 12 baadaye, mwanzoni mwa 2013, wakulima walifunga barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Dumila kwa hasira ya mgogoro wa ardhi kati yao na wafugaji wa Mabwegere. Maana yake ni kwamba damu yote ile haikuwa imemaliza jambo hata moja.

Mjomba amuulize pia swali hili: usiku, ndani ya mahindi, panga lake litamkuta nani? Mara nyingi mwenye ng'ombe yuko mbali, pengine ana nyumba mjini. Anayekutwa na mifugo ni kijana wa kuajiriwa, au mtoto wa miaka 12 aliyepitiwa na usingizi. Mwanao anaweza kurudi alfajiri akiwa ameua mtoto wa mtu, tena mtoto wa boma ambalo maziwa yake yalimlisha yeye wakati wa mafuriko.

Akisema Mmaasai ni adui wa mkulima, mjomba amwonyeshe upande wa Dakawa. Hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Alikuwa Mmaasai, mtoto wa Monduli. Na chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kinachofundisha mabwana shamba na mabibi shamba wa nchi hii, kinaitwa kwa jina lake. Taifa zima lilikubali jina la mtoto wa wafugaji liwe juu ya lango la elimu ya wakulima.

Kisha mpe kijana kazi. Ukimnyang'anya panga ukamwacha mikono mitupu, atatafuta jingine. Ana simu, anajua kuandika. Kuanzia leo yeye ndiye mwenye daftari la shamba lenu, na nitakueleza hapa chini daftari hilo ni la nini.

Sasa nirudi kwenye kijiji cha bibi yako, kwa sababu swali lako lenyewe nadhani limelala humo. Nami nililelewa na hadithi hizo. Kijiji kimetulia, watu wanakula na kusaza, halafu zimwi linatoka porini na raha inakwisha. Shujaa akiliua zimwi, raha inarudi. Vijana wenu tayari wameshaambiana zimwi ni lipi: limevaa lubega na kushika fimbo. Na naamini kuna boma ambako usiku huu watoto wanasimuliwa zimwi lenye jembe. Ukiikubali hadithi hiyo, mwisho wake unaujua, maana zimwi lazima liuawe.

Soma tena barua yako. Amani uliyoieleza ilikuwa na utaratibu wake. Ng'ombe waliingia mkishavuna, hawakuingia kabla. Walikuwa na njia ya kwenda majini, na njia hiyo haikulimwa. Maziwa yalikuwa na kipimo chake, mahindi na kipimo chake. Na ng'ombe akila shamba, mlijua ni wa boma la nani. Wazee wenu na wazee wao walikuwa wameafikiana, ila hakuna aliyeandika, kwa sababu wote walifahamiana. Ninyi watoto mlikuta utulivu tu, mkadhani umeota wenyewe kama mchicha wa porini.

Kilosa imebadilika, makubaliano yale yakabaki palepale. Wafugaji wa Kiparakuyo, jamaa wa Wamaasai, wako huko tangu enzi za mababu, na vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa ni vijiji kamili vyenye serikali zao. Lakini ardhi ya malisho imepungua. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua sehemu yake, na Hifadhi ya Mikumi ikatangazwa mwaka 1964. Nanyi wakulima mmeongezeka, mmeshuka mabondeni kulima mpunga, kulekule ng'ombe walikokuwa wakikimbilia maji na majani mabichi wakati wa kiangazi. Juu ya hayo kumekuja makundi ya mifugo kutoka mbali, ambayo wachungaji wake hawamjui mzee wenu yeyote. Hata mito imekuwa migeni: Januari 2014 mafuriko yalilikata daraja la Magole, na maji yakiwa na nguvu ya kubeba daraja hayashindwi kubeba alama ya mpaka. Mfugaji na mkulima wanagombania bonde moja katika miezi ileile, wakiwa na makubaliano ya wazee waliokwisha kuzikwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi iliyo mbele yenu ni kuafikiana upya, na safari hii kwa maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema na amani ni mali.

Anza na shamba lako. Mifugo ikiingia, asubuhi ileile mwite mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na afisa ugani. Eneo lililoliwa lipimwe, idadi ya magunia yaliyopotea ikadiriwe, iandikwe, wote waliokuwepo watie sahihi na mhuri upigwe. Mwanao apige picha na kuandika katika daftari lake tarehe, saa, alama zilizo kwenye ng'ombe na njia waliyopitia. Msiwakamate ng'ombe wenyewe na kuwafungia nyumbani kwa mtu, wala msipokee fidia gizani bila karatasi. Ng'ombe aliyefungiwa uani ndiye huleta vijana wa boma usiku. Hata kwa haya ya mwezi wa tano, andikeni sasa kila mnachokikumbuka, na majirani walioona waweke majina yao. Mwenye mifugo akijulikana akakataa kulipa, madai ya fidia yanaweza kufika Mahakama ya Mwanzo, na pale karatasi yako ndiyo itakayokusemea. Wako wasaidizi wa kisheria wanaotoa msaada bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017. Waulizie wilayani.

Ugomvi ukiwa wa mpaka, au wa njia ya mifugo iliyolimwa, upeleke kwenye baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana, kuna baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo ni la usuluhishi tu, na lina siku 30 za kufanya kazi hiyo. Baada ya hapo ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kisha nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa pale na kusema. Usikae nyuma. Nendeni wanawake kumi mkiwa na ombi moja mlilokwisha kulijadili: kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaotambuliwa na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007, wenye mashamba, malisho, njia ya mifugo na mahali pa kunywesha, vyote vikiwa na mipaka inayoonekana kwa macho. Mkiona ng'ombe wanatoka kijiji kingine, msikate tamaa. Sheria ileile ya 1999 inaruhusu vijiji jirani kuandikiana makubaliano ya pamoja juu ya ardhi vinayoitumia vyote. Humo ndimo mtakamoandika tarehe ya ng'ombe kuingia kwenye mabua, na kipimo cha fidia kwa atakayeingia kabla. Ni yaleyale ya wazee wenu, isipokuwa yana sahihi na mhuri. Mkihitaji watu wa kusimama nanyi, mtandao wa wakulima, MVIWATA, umekuwepo tangu 1993 na makao yake makuu yako Morogoro.

Kuhusu yule mnunuzi, mwambie hapana, na mwambie mbele ya mashahidi. Haki ya ardhi ya kijiji haihamishwi kwa sahihi ya mtu mmoja na fedha mkononi. Inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Anayekuambia karatasi umwachie yeye, anakutaka usijue kilichoandikwa. Tena shamba hili umelipokea kwa mama yako. Wapo ndugu wa ukoo wenye neno juu yake, na wapo wanao. Fedha za mtu aliyeuza akiwa na hofu huisha kabla hofu yenyewe haijaisha. Badala ya kuuza, omba upimiwe na upate hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako.

Limebaki la rafiki yako, ambalo nimeliweka mwisho kwa makusudi. Umesema hapiti tena kwako. Je, wewe umepita kwake? Yeye anawaogopa vijana wenu, wewe unawaogopa vijana wao, na pengine kila mmoja ana mtoto wa kiume anayenoa kitu. Hakuna mtu katika wilaya nzima anayeielewa barua yako kuliko yeye.

Nenda mchana, na mwanao akufuate, panga likiwa limebaki nyumbani. Chukua mahindi, hata yakiwa kidogo, kutoka katika ile nusu ekari uliyobakiza. Usimuulize ng'ombe ni wa nani, maana utamweka kati ya ukweli na nduguze. Muulize mwaka huu maji wanayapata wapi, na ng'ombe wanapita wapi kuyafuata. Mwanamke anayetembeza maziwa kijiji kwa kijiji anazijua njia zote, na majibu yake mtayahitaji siku ya kuchora mpango wa ardhi. Muulize kama kwao kuna wanawake ambao nao wangeweza kusimama mkutanoni.

Akikupa maziwa, pokea. Kisha mpimie mahindi kwa kipimo chenu cha zamani, mwanao akiwa amesimama hapo anatazama.

Shangazi yako