Boti ya Arusi Nayo Ina Sheria

Magonjwa kama malaria na kuhara tunayajua, na kila mzazi anajua wapi pa kupeleka mtoto akishikwa na homa. Mwezi huu tuangalie kifo kinachokuja kwa dakika chache na ambacho hospitali mara nyingi haikiwahi: kufa maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 walikufa maji watu wapatao 300,000 duniani, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Sisi wa Ilagala tunaishi kati ya mto Malagarasi na ziwa lenye kina cha mita 1,470, kwa hiyo habari hii inatuhusu.

Mvuvi wa dagaa ana hatari zake, lakini amelizoea ziwa na anasoma upepo. Wanaotutia wasiwasi zaidi ni watu wa safari za furaha: arusi ya ng'ambo ya mto, kwaya inayotembelea parokia nyingine, vijana wa sikukuu wanaotaka kuzunguka na boti jioni. Chombo huazimwa kwa mvuvi, kila mtu anataka kupanda na wenzake, ngoma inalia, na hakuna anayehesabu vichwa. Ukiuliza, utajibiwa: "Hii si boti ya abiria, hatutozi nauli."

Jibu hilo tulipime kwa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, yaani Sura ya 16, inataja makosa mawili tofauti. La kwanza ni kubeba watu majini kwa malipo katika chombo kibovu au kilichopakiwa kupita kiasi hadi kikawa cha hatari. Hapo nauli inatajwa. La pili ni kuendesha chombo, au kushiriki kukiendesha, kwa pupa au uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Hapo nauli haitajwi kabisa. Nahodha wa boti ya arusi anaweza kushtakiwa hata kama alilipwa sahani ya pilau tu, na hata kama hakuna aliyekufa, maana kosa ni kuhatarisha.

Pamoja na hiyo ipo Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2003. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko mikononi mwa TASAC, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuchukua kazi hiyo kutoka SUMATRA. Leseni ya uvuvi ni jambo jingine. Kuwa nayo hakuigeuzi boti ya nyavu kuwa boti ya watu.

Sasa tuseme juu ya uzito, maana ndio unaoua wengi. MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 iliruhusiwa kubeba watu 101; waliokufa peke yao walizidi 220. Katika ziwa letu hili, upande wa Kongo, MV Mutambala ilizama Desemba 2014 na watu zaidi ya 100 wakapotea; yalitajwa mzigo mwingi na upepo mkali. Watu husahau kwamba mzigo nao ni abiria. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Madumu 40 ni kilo 720, sawa na watu wazima 12 wa kilo 60. Ukiona boti imeshapakiwa mawese na muhogo, kisha watu 30 wanaitwa wapande, fahamu kwamba kwa ziwa hao ni watu zaidi ya 42. Tena mzigo haukai mmoja mmoja: wimbi likipiga, watu hukimbilia upande mmoja, na hapo ndipo chombo hulala.

Zipo pia kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini za mwaka 1972, ambazo mabaharia hufundishwa. Boti mbili za injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja inapinda kulia. Zikikatizana, inayoiona nyingine upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Boti ya injini humpisha mvuvi mwenye nyavu majini, na anayetaka kupita mbele ya mwenzake ndiye anayejihadhari. Usiku, boti ya injini huwa na taa nyeupe juu, nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Hata mtumbwi wa makasia unatakiwa uwe na tochi au taa tayari ya kuonyesha mapema. Kijana anayekata mbio katikati ya karabai za wavuvi wa dagaa ili kuwachekesha wasichana anavunja karibu zote kwa wakati mmoja.

Pombe tusiifiche. Mlevi huona vibaya, hukadiria vibaya, na akianguka majini huchoka upesi. Nahodha akinywa, safari ingoje kesho. Vilevile kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kusi, ziwa hubadilika haraka. Mzee wa ufukoni akisema leo hapana, msimbishie.

Akina mama, ninyi mna nguvu kuliko mnavyodhani. Kabla kamba haijafunguliwa, hesabuni majaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na yavaliwe, yasikaliwe kama mito. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani. Mtoto apate la kimo chake. Dumu tupu lililofungwa vizuri husaidia aliyeanguka, lakini si badala ya jaketi. Yasipotosha, shusheni watoto.

Mtu akizama, usimrukie kama hujui kuokoa. Mtupie kamba, kasia au dumu. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo hata akisema ni mzima, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.